UZI: Gundi ya kuzibia upepo kwenye ubao wa chini juu ya zege (besmenti). Usiingie dukani ukasema tu "silikoni"

BaridiKali_MN

Habari zenu wakuu. Huu uzi ni kwa walioko huku kwenye baridi, hasa mliochukua nyumba ya mbao yenye besmenti (chumba cha chini ya ardhi). Nimehangaika na hii kitu winter mbili, nataka nieleze nilipokosea halafu wenye ujuzi mnisaidie nimalize kazi vizuri.

Niko Minnesota, nyumba yangu ni ya 1978, futi 28 kwa 40. Ukishuka besmenti ukaangalia pale ukuta wa zege unapoishia juu, utaona ubao umelazwa bapa juu yake, umefungwa na bolti zilizozamishwa kwenye zege, na maboriti ya sakafu ya juu yamekaa juu ya huo ubao. Mimi nauita ubao wa chini. Sasa shida ni kwamba ubao umenyooka ila zege haijanyooka, fundi aliilainisha kwa mwiko siku ile wakamwaga na ikabaki na mabonde na vilima vyake, kwa hiyo kati ya ubao na zege kuna mwanya nyumba nzima, sehemu nyingine kadi ya benki inapita, sehemu nyingine nilipitisha kidole. Nyumba za siku hizi wanalaza kwanza utepe wa sponji katikati, yangu haina chochote.

Nilijuaje? Wife ana udi wa vijiti. Siku moja nje ilikuwa -20 Farenhaiti, kama -29 za sentigredi, nikawasha kijiti nikashuka nacho. Katikati ya besmenti moshi ulipanda wima kabisa. Nikausogeza kwenye kona iliyo chini ya meza ya chakula, moshi ukalala, ukanirudia usoni, nikasikia na baridi kwenye vidole kama nimeweka mkono mbele ya friji iliyo wazi. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini watoto wakikaa ile meza wanapandisha miguu kwenye kiti. Tulikuwa tunalaumu dirisha muda wote!

Kitu kingine, ile pamba ya glasi iliyosokomezwa kati ya maboriti pale ukingoni niliivuta nikakuta nyeusi tii. Nikadhani ni ukungu. Kumbe ni vumbi, hewa ya nje imepita humo miaka 40 na zaidi na pamba ikafanya kazi ya chujio.

Basi nikaenda dukani. Kwetu chochote kinachokuja kwenye tyubu ya bunduki ya gundi tunaita silikoni, sinki silikoni, dirisha silikoni, kwa hiyo nikaomba silikoni na nikapewa silikoni kweli, ile yenye harufu kali ya siki. Nikapiga nyumba nzima. Winter iliyofuata nikagusa ncha yake kwa ukucha ikatoka futi nzima kama utepe. Upande wa mbao ilikuwa imeshika, upande wa zege ilikuwa na unga mweupe tu mgongoni. Nikapitisha tena udi, moshi ukalala vilevile.

Naomba kujua: nitumie nini safari hii? Nimesoma maandishi ya tyubu mpaka macho yanauma, kuna akriliki, poliyurethani, sijui hibridi. Na hii ya zamani niitoe yote au nipige juu yake?

---

FundiBoriti

Pole sana mkuu, na umeeleza vizuri. Mimi niko Massachusetts, kazi yangu ni hii hii ya mbao na kuziba nyumba, wacha nikujibu kwa mpangilio wangu.

Kwanza itoe yote. Hakuna kinachoshika juu ya silikoni iliyokauka, hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya nduguye. Kata kwa kisu, halafu skrepa, halafu brashi ya waya kwenye zege mpaka ile rangi ya kijivu yenyewe ionekane.

Kwa nini ilibanduka: ile ya siki inatoa asidi wakati inakauka, harufu unayoisikia ndo hiyo asidi yenyewe. Zege ni alkali. Vikikutana, uso wa zege unageuka unga hapo hapo chini ya gundi, ndo ule weupe uliouona. Kuna silikoni zisizotoa siki, hizo zinafaa kwenye zege, zinaandikwa "neutral cure" kwenye tyubu, lakini hata hizo hazikubali rangi juu yake na zinataka zege safi sana.

Sababu ya pili watu hawaisemi. Ukuta wako una unene wa inchi 8 hivi, ubao una 5 na nusu, umesogezwa ukingo wa nje, kwa hiyo kwa ndani kunabaki kigazi cha zege, kama kijirafu, cha inchi 2 na kitu. Hicho kigazi kinakusanya vumbi la msumeno tangu siku nyumba inajengwa, buibui waliokufa, mchanga wa zege. Watu wanapiga gundi juu ya hayo mavumbi halafu wanalaumu gundi. Piga vakyumu yenye brashi, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke. Nusu ya kazi iko hapo.

Sasa uchague nini. Mbao na zege havitembei pamoja. Mbao inavimba summer unyevu ukiwa mwingi na inasinyaa winter hita ikifanya kazi, zege inakaa. Kwa hiyo unataka kitu kinachoshika vyote viwili na kinachovutika. Chaguo langu la kwanza ni poliyurethani, sisi kazini tunaita PU. Inashika zege kama imezaliwa hapo. Geuza tyubu utafute namba ya kiwango C920 na neno "class 25", maana yake mwanya ukitanuka au ukibana kwa asilimia 25 inavumilia. Akriliki za kawaida zina namba C834, hizo si mbaya ila uvumilivu wake mdogo, na zikikauka zinapungua kwa sababu maji yaliyomo yanatoka.

Ubaya wa PU: bei yake iko juu ya akriliki, inashika mkononi haitoki siku tatu, vaa glovu. Ina kemikali iitwayo aisosayaneti ndani, fungua madirisha, mwenye pumu asikae karibu. Na kitu ambacho hakuna atakayekuambia dukani, PU inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, winter hewa ya ndani ikiwa kavu inachukua siku nyingi, usiiguse guse.

---

MamaWatatu_Maine

Asante kwa huu uzi. Kaka FundiBoriti, mimi nina mtoto wa pumu na besmenti yetu ndo anapocheza. Hiyo PU naiogopa. Nifanyeje?

---

FundiBoriti

Dada usiitumie wewe. Kama mwanya wako ni mwembamba, chini ya robo inchi, chukua akriliki nzuri yenye silikoni ndani yake. Haina harufu kali, unaosha mikono kwa maji. Ila mambo mawili: isiwahi kuganda kabla haijakauka, maana ina maji, usiache tyubu kwenye gari usiku na usipige ukuta ukiwa chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti. Na piga ya kutosha, si uzi mwembamba kama wa sindano, kwa sababu itapungua.

Kuna njia ya kati, zile wanaita hibridi. Hazina aisosayaneti, zinashika zege na mbao, zinavutika vizuri, unaweza kupaka rangi. Bei iko karibu na PU. Kama mfuko unaruhusu, kwa nyumba yenye mtoto wa pumu mimi ningechukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Na hata hiyo, siku ya kazi mtoto aende kwa shangazi yake.

---

Edmonton_Baridi

Huku Kanada tunatumia sana ile nyeusi ya kuzuia sauti, ya tyubu kubwa. Hiyo haikauki kabisa, ikikaa miaka 20 ukiigusa bado inanata kama asali ya jana. Tunaiweka chini ya mbao na kwenye karatasi ya plastiki ya ukutani. Kwa sababu haikauki, mbao ikitembea nayo inatembea. Ila iweke mahali hapaguswi, ikishika suruali umeshaitupa hiyo suruali, ikishika kwenye zulia ni kesi nyingine. Kwa yule wa Minnesota, pale kwenye kigazi wazi ambapo utakuwa unapitisha mkono, mimi sishauri. Kama unajenga ukuta mpya juu ya zege, hapo weka mistari miwili chini ya ubao kabla hujaulaza, na hutajuta.

---

KijanaWaBukavu

Ndugu zangu, mimi niko Iowa. Nyumba yangu msingi hauko wa zege ya kumwaga, uko wa matofali ya bloku, yale yenye matundu. Nilipiga gundi vizuri sana kwenye ubao, lakini baridi bado inaingia. Nilikuwa nafikiri gundi ni mbaya.

---

FundiBoriti

Gundi yako haina kosa ndugu. Bloku ina matundu, hewa inaingia chini au pembeni, inapanda ndani ya tundu na kutokea juu pale kwenye kigazi, pembeni kabisa ya ubao ulioziba. Weka mkono juu ya tundu utasikia. Hayo matundu yazibe kwanza, katia kipande cha sponji ngumu halafu zungushia povu la kopo, au jaza saruji, ndo urudi kwenye mstari wa ubao.

Hapo hapo niseme kuhusu saizi, maana watu wanaumia hapa. Mwanya chini ya robo inchi, gundi peke yake. Robo mpaka nusu inchi, sukuma kwanza ile kamba ya sponji ya duara, chagua nene kuzidi mwanya kwa robo hivi ili ikae kwa kubanwa, halafu gundi juu. Kazi ya ile kamba si kuokoa gundi tu. Gundi inatakiwa ishike mbao juu na zege chini, basi. Ikishika na nyuma inakuwa imefungwa pande tatu, mwanya ukitanuka haina pa kuvutikia, inachanika katikati. Zaidi ya nusu inchi tumia povu la kopo, lile linalovimba kidogo.

Na panya wanapita kwenye tundu la robo inchi. Povu wanalitafuna kama mkate. Kama umeona vinyesi vyao kwenye kigazi, sokomeza wavu wa shaba kwanza. Steelwool inafanya kazi ila inapata kutu ikikutana na unyevu wa zege, shaba haioti kutu.

---

TexasMwembe

Na sisi wa Houston? Hatuna besmenti, nyumba imekaa juu ya bamba la zege. Upepo kwangu unatokea chini ya ubao wa urembo pale ukuta unapokutana na sakafu, na mende wanapita hapo hapo. Joto la Agosti linaingia, AC haipumziki. Nataka nizibe kwa nje pale chini ya matofali, kuna vijitundu.

---

FundiBoriti

HAPANA mkuu, hivyo vijitundu usiviguse!! Matofali ya nje yananyonya maji ya mvua, yanashuka nyuma yake, na hivyo vijitundu ndo mlango wa maji kutoka. Ukiviziba maji yanakaa juu ya ubao wako wa chini mpaka unaoza. Nimefungua ukuta wa hivyo kwa mteja mmoja, ubao ulikuwa unachimbika kwa kijiko.

Wewe ziba kwa ndani. Ng'oa ule ubao wa urembo taratibu, utaona ubao wa chini umekaa kwenye bamba, safisha, piga mstari wa PU au hibridi mahali ubao unapokutana na zege, na mwingine pale gipsamu inapokutana na ubao. Rudisha urembo. Na huko kwenu kuna mchwa, kwa hiyo usizibe wala kufunika kwa povu upande wa nje kwenye ukingo wa bamba, mkaguzi wa mchwa anahitaji kuona ile zege wazi ili aone njia za udongo wanazojenga.

---

BaridiKali_MN

Nimesoma yote wakuu, asanteni mno. FundiBoriti nina swali la hesabu, tyubu ngapi? Na je nizibe mstari mmoja tu wa zege na ubao?

---

FundiBoriti

Mistari iko mitatu. Zege na ubao wa chini. Ubao wa chini na ubao wa ukingo uliosimama juu yake. Ubao wa ukingo na mbao za sakafu. Upepo mwingi unapita kwenye wa kwanza, ila ukiziba huo tu hewa inahamia kwa jirani yake.

Tyubu ya kawaida ya wakia 10.1, ukipiga uzi wa robo inchi, inakwenda futi 24. Nyumba yako mzunguko ni futi 136. Mstari mmoja tyubu 6, yote mitatu 17. Nunua 20, usizofungua utarudisha. Kama una bunduki ya soseji (pakiti laini za gundi) zile za wakia 20 utaokoa plastiki na muda.

Ukishapiga, pitisha kijiko cha plastiki uibane iingie kwenye kona, usiiache kama nyoka amelala juu. PU usiipanguse kwa spiriti wala usiwe na silikoni mbichi karibu, vyote viwili vinaharibu ukaukaji wake.

Sasa kitu muhimu kuliko gundi zote, msome mara mbili. Kama hita yako ya maji ni ya gesi, ile ya zamani yenye bomba la bati linalopanda kwenye bomba la moshi na lina uwazi juu ya tanki, hiyo inategemea hewa ya ndani ya nyumba. Ukiziba nyumba sana halafu mtu akawasha feni ya jikoni na drayeri ya nguo, feni zinaweza kuvuta moshi wa hita urudi ndani badala ya kupanda. Ile gesi ya kaboni monoksidi (CO) ni sumu na haina harufu. Weka alamu ya CO kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala KABLA hujafungua tyubu ya kwanza, na baada ya kazi mwite mtu apime mvutano wa bomba. Ziko kampuni za umeme na gesi zinazoleta mkaguzi kwa bei nafuu, anafunga feni kubwa mlangoni anavuta hewa mpaka tofauti ya mgandamizo wa ndani na nje ifike paskali 50, hapo kila mwanya unaonekana wazi, na hita anaikagua siku hiyo hiyo.

Na Minnesota mna radoni, ile gesi ya mionzi inayotoka ardhini. Ukishaziba pima tena. Ikifika 4 kwenye kile kipimo chao cha pikokuri kwa lita, ita watu wa bomba la kuitoa chini ya sakafu.

---

MamaWatatu_Maine

Kwetu maji yanaingia kwenye kona moja mvua ikinyesha sana, je gundi itasaidia?

---

FundiBoriti

Haitasaidia dada, na ukipiga hapo utaficha tu. Anza nje, safisha mifereji ya paa, sogeza bomba la kumwaga maji mbali na ukuta, udongo uteremke kutoka kwenye nyumba. Kona ikikaa kavu msimu mzima ndo uzibe upepo.

---

BaridiKali_MN

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi.

Kutoa silikoni ya zamani kulinichukua wikiendi mbili, mabega yaliuma. Ile brashi ya waya ndo iliyofanya kazi, mpaka mwanangu mkubwa alishika vakyumu nyuma yangu. Tulitoa vumbi la mbao la 1978, bado lina rangi ya njano, na msumari mmoja na kizibo cha soda ya zamani alichokiweka kwenye rafu yake.

Nilitumia PU kwenye mstari wa zege, hibridi kwenye mistari miwili ya juu kwa sababu iko karibu na njia ya hewa ya chumba cha mdogo wetu. Tyubu zimekwenda 19. Sehemu tatu zilikuwa pana, nikaweka kamba ya sponji kama ulivyosema, na pale bomba la maji la nje linapopita nikaweka wavu wa shaba na povu. Baada ya hapo nikakata vipande vya sponji ngumu ya inchi 2 nikavibandika kati ya maboriti na kuzungushia gundi, ile pamba nyeusi sikuirudisha. Mkaguzi alipokuja akaniambia kwa unene huo wa sponji tupu niulize ofisi ya ujenzi ya mji kama wanataka ifunikwe na gipsamu kwa sababu ya moto, nikauliza, wakanipa jibu la mji wangu, na ninyi ulizeni la kwenu.

Hita yangu ya maji ni ile ile ya bati uliyoisema. Ilipimwa, mvutano ulikuwa dhaifu feni zikiwaka zote pamoja. Tumeibadilisha, tumeweka ya bomba mbili inayovuta hewa yake kutoka nje. Gharama imeuma lakini kaka nimelala usingizi. Bila ule ujumbe wako nisingejua.

Juzi usiku ilikuwa -18. Nikawasha kijiti cha udi, nikazunguka ukuta mzima polepole na mwanangu ameshika tochi. Ile kona ya chini ya meza nimesimama nayo dakika nzima. Moshi ukapanda wima mpaka kwenye boriti. Sehemu moja tu ulitikisika, nyuma ya mashine ya kufulia ambako mkono haukufika vizuri, nimeweka alama kwa chaki.

---

FundiBoriti

Safi sana mkuu. Hapo nyuma ya mashine, ukate ncha ya tyubu kwa pembe kali na uunge kipande cha mrija wa plastiki mbele yake, utafika.

---

BaridiKali_MN

Kesho Jumamosi naisogeza mashine. Nina tyubu moja imebaki.